Ubishi Ulioanzia Foleni ya Kigongo

Ubishi wenyewe ulianzia kwenye foleni ya kivuko pale Kigongo, mwaka 2009, na chanzo chake kilikuwa mchuuzi wa CD. Wakati ule ukitoka Mwanza kwenda Sengerema au Geita, ukishapinda Usagara ulijua siku yako haiko tena mikononi mwako. Unaweza ukakuta magari matano mbele yako, unaweza ukakuta hamsini. Unazima injini, unashuka, unanunua hindi la kuchoma, unakodolea maji macho. Wachuuzi walilijua hilo. Huyu wa siku ile alikuwa na spika moja kubwa juu ya toroli, betri ya gari chini yake, na CD za mkusanyiko zenye nyimbo mia na kitu, kava limechapwa kwa wino unaobaki vidoleni ukilishika na jasho. Akapiga wimbo mmoja mara tatu mfululizo. Siutaji, maana mwimbaji wake yu hai na ana watoto wanaosoma mitandaoni. Mara ya tatu nikasema huu ndio wimbo mbovu kuliko nyimbo zote za miaka hii kumi.

Jamaa niliyekuwa naye akasema hapana, upo mbovu zaidi.

Jamaa huyo leo ni shemeji yangu. Siku ile alikuwa ndiyo kwanza anautafuta ushemeji: tulikuwa tunampeleka Sengerema akaonane na wazee wetu, na mtu mwingine mwenye akili zake angemkubalia kaka wa binti kila atakachosema. Yeye alibisha mpaka kivuko kikafika, akabisha tukiwa katikati ya maji, akabisha tukishuka Busisi. Ng'ombe wakatolewa, harusi ikafanyika, watoto watatu wakazaliwa, na ubishi haujaisha.

Desemba iliyopita tukapita tena njia ileile. Sasa kuna daraja, lilifunguliwa Juni 2025, urefu wake kilomita 3, unalivuka kabla wimbo haujafika ubeti wa tatu. Shem alikuwa anaendesha, dada yangu kiti cha mbele, mimi nyuma pamoja na watoto na mafurushi. Kabla hatujapanda daraja shem akakata kona, akashuka kwenye njia ya zamani ya kivuko, akaegesha mbele ya kibanda cha mayu mmoja, yaani mama kwa Kisukuma, anayekaanga sato. Zamani pale ulipigana vikumbo kupata benchi. Siku ile benchi lote lilikuwa letu.

"Tukishapanda pale juu, ubishi umekwisha," akasema. "Tuumalizie huku huku chini."

Kanuni zetu ni chache. Wimbo uwe umetoka kati ya mwaka 2000 na 2009. Uwe ulipigwa kweli redioni, si wa kuokoteza kwenye kanda ya mtu asiyejulikana. Na usiutaje kwa sababu tu mwimbaji wake alikuchukulia mchumba, kanuni iliyotungwa kwa ajili ya binamu yetu mmoja, naye anajijua.

Shem hajabadilika tangu 2009. Kwake ubovu ni wa wabana pua. Wasomaji wadogo huenda hamlijui neno hilo tena: ndivyo watu wa hip hop walivyowaita vijana waliotoka kwenye kuchana wakaingia kwenye kuimba, sauti nyembamba, yote inapitia puani, machozi yako karibu. Shem anazo hoja zake amezipanga kama mwanasheria. Ya kwanza ni majina. Anasema kuna miaka ukiwasha redio ilikuwa kama mwalimu anaita mahudhurio darasani: Julieta na Salome wa Dully Sykes, Latifah wa MB Dog, Anita na Vaileti wa Matonya, Cinderella wa Ali Kiba. "Darasa zima la wasichana wameondoka," anasema, "na kila mmoja kaacha mwanaume analia getini."

Hapo mimi huwa namuongezea jambo, ingawa halinisaidii. Hakuna aliyewahi kumlilia Kabula. Hakuna wimbo wa Minza, wala wa Mbuke, majina ya wasichana wa kwetu Usukumani. Mimi niliyempenda kule Butimba aliitwa Kwandu, na kwenye redio nzima hapakuwa na wimbo wa kumwombea. Ikabidi niimbe Anita nikiwa na Kwandu kichwani, na silabi hata hazikutosha kufika mwisho. Kwandu mwenyewe alikuwa anapenda taarabu.

Lakini hoja ya wabana pua siikubali. Anita ni wimbo mzuri. Nimewahi kuusikia usiku kwenye basi la kurudi kutoka Shinyanga, abiria wote wamelala, na dereva, mtu mwenye kitambi na sauti ya jeshi, anauimba taratibu peke yake. Wimbo unaomfanya mtu wa namna hiyo aimbe namna ile una kosa gani? Pua ni kiungo cha mwili kama kingine.

Na kama ni kuungama, niungame kubwa zaidi. Sisi tuliojiita wagumu tulimchukia Mr. Nice. Mtu aliyeuita muziki wake Takeu, yaani Tanzania, Kenya na Uganda kwa mkupuo mmoja, kisha akachukua mchezo wa watoto, kidali po, akaufanya wimbo! Tuliona katutukana. Sisi tulikuwa na Fid Q, mtoto wa Mwanza, mtu wa vina ambavyo ulikaa navyo wiki nzima ukivifungua. Halafu watoto wa mtaa mzima wanarukaruka na huyu. Leo nikiwatazama watoto wa shem harusini, wanachokicheza ni kile kile tulichokidharau. Hakuna mpwa aliyewahi kuniomba nimwekee wimbo mgumu hata mmoja.

Shem akadaka hapo hapo. Kwao ni Kisesa, jirani na Bujora kwenye mashindano ya ngoma za Kisukuma, na kila ubishi wa muziki yeye huupeleka kwenye ngoma. Bagika na Bagalu, vyama viwili hasimu vya ngoma, wakishindana, wanachezea uwanja mmoja, saa ile ile, na hakuna jaji mwenye kalamu. Umati ndio jaji. Ukiuona umehamia upande wa pili, umeshindwa, funga ngoma zako nenda nyumbani. Ndiyo maana manju, kiongozi wa ngoma, hakuja na wimbo tu: alikuja na vituko, wengine na chatu, na dawa ya mvuto juu yake. "Kwa hiyo wimbo mbovu," akasema huku anachambua mgongo wa sato, "ni ule uliokimbiwa na watu. Wewe unataja nyimbo zilizojaza viwanja."

Hoja nzuri, ila ina tundu. Bujora mtazamaji ana miguu. Anaweza kuhama. Mimi miaka ile ningehamia wapi? Redio ilikuwa moja, ya kinyozi. Spika ilikuwa moja, ya Hiace ya Igoma, na umekalishwa nusu tako juu yake. Kule Kigongo mchuuzi alikuwa mmoja na kivuko hakijafika. Umati ambao hauwezi kuhama si jaji, ni mateka.

Mayu akaleta ugali wa udaga, akauliza tunagombania nini. Shem akamwambia nyimbo. Akacheka, akasema alidhani ni shamba.

Sasa hoja yangu mimi. Kwangu nyimbo mbovu za miaka ile hazikuwa za kulia wala za kurukaruka. Zilikuwa nyimbo za ujumbe.

Bongo Flava ilizaliwa ikiwa mshtakiwa. Wazee waliuita muziki wa kihuni, na mshtakiwa hana budi kujitetea, na utetezi wote ukawa neno hilo moja. Kila msanii akikaribishwa redioni swali la pili lilikuwa: wimbo wako una ujumbe gani kwa jamii? Sijawahi kumsikia hata mmoja akijibu kwamba hauna. Hata aliyeimba kuhusu makalio alikuwa "anaielimisha jamii". Ukinunua kanda yenye nyimbo kumi, unakuta mbili ndizo zilizokutoa nyumbani, nyingine za kujazia, na humo ndani lazima uwepo wimbo wa mama, wimbo wa yatima na wimbo wa UKIMWI. Hizo zilikuwa risiti. Mzazi akifoka, unamrudishia kanda mpaka kwenye wimbo wa yatima.

Ule wa UKIMWI ulikuwa na soko lake kabisa. Rais Mkapa alikuwa ameutangaza ugonjwa ule kuwa janga la taifa mwishoni mwa 1999, TACAIDS, tume ya kudhibiti UKIMWI, ikaundwa 2001, na kampeni zikaingia mpaka vijijini na fulana zake. Si zote zilikuwa mbaya. Bango la kampeni ya Ishi lililosema "Usione soo, sema naye" nalisifu mpaka leo: maneno manne, yote ya mtaani, na halimpigi mtu kofi. Nyimbo ndizo zilizokuwa na balaa. Zilikuwa na mwendo mmoja kama gwaride. Kinanda cha huzuni, na prodyuza akiwa na bidii, sauti ya radi. Ubeti wa kwanza kijana mzuri anatoka kwao. Wa pili mji, pombe, mwanamke. Wa tatu anakohoa, wanamzika. Halafu, wakati wewe umeshaelewa kila kitu na unataka kuachwa na huzuni yako, msanii anaacha kuimba anaanza kuongea: "Vijana wenzangu, tuwe makini..." Ni kama mtu akusimulie kichekesho halafu akupigie simu jioni kukueleza mahali pa kucheka. Na kwa nini kila mtu alikuwa anajifanya hajui kwamba mtaani neno lenyewe la ugonjwa lilikuwa "ngoma", hilo hilo la wimbo? Mtu akikanyaga miwaya, yaani akiambukizwa, walisema ana ngoma. Lugha ilikuwa imeshawafanyia kazi yao, wakaikataa.

"Na Starehe?" Shem alikuwa analisubiri hilo.

Starehe ya Ferooz na Professor Jay ilitoka 2004, ni wimbo wa UKIMWI, una ujumbe, na ni mmoja kati ya nyimbo bora za miaka ile yote. Sibishi. Lakini sikiliza ni nani anayesema. Anayesimulia ni mgonjwa mwenyewe, anaaga. Hasemi "vijana wenzangu" kutoka jukwaani akiwa na afya yake. Anasema akiwa kitandani. Na Ndio Mzee ya Professor Jay, ya 2001, ina ujumbe mzito kuliko hotuba yoyote, lakini ujumbe wenyewe haumo kwenye maneno. Mgombea anaahidi maajabu, watu wanaitikia ndio mzee, basi. Hakuna mtu anayetokea mwishoni kukuambia wanasiasa ni waongo. Amekuacha ukiitikia na wewe, ndipo unajishtukia.

Dada yangu alikuwa kimya muda wote, anawatolea watoto miiba. Yeye ni muuguzi, amefanya kazi Mwanza karibu miaka 15, na huwa anatuacha tuchoke kwanza.

"Mnagombana kuhusu sauti," akasema. "Mimi ninauliza swali moja tu. Kwenye hizo nyimbo zenu zote, za pua na za ujumbe, mwenye kosa ni nani?"

Hatukujibu.

"Salome kaondoka, mbaya ni Salome. Mwingine kafuata hela, mbaya ni huyo. Kwenye za ugonjwa ndiyo kabisa, kijana katoka kwao msafi kama malaika, kakutana na mwanamke. Huyo mwanamke aliupata wapi? Kisimani?"

Shem akaanza kusema kitu kuhusu zama, akanyamaza mwenyewe.

Dada akaendelea, na hapa ndipo alipotoka kwenye muziki akaingia kwenye kazi yake. Mwanza hii hii, miaka ya 1990, watafiti walionyesha kwamba vituo vya afya vijijini vikiboresha tiba ya magonjwa ya zinaa, maambukizi mapya ya Virusi Vya UKIMWI yanapungua kwa karibu asilimia 40. Matokeo yalitoka 1995, dunia nzima ikayasoma. Baadaye kidogo ukaja mradi wa MEMA kwa Vijana, nao wa Mwanza, uliopeleka elimu na maigizo kwenye shule za msingi. Walipokuja kupima, vijana walikuwa wanajua majibu kuliko wenzao ambao hawakufundishwa. Maambukizi hayakuonyesha kupungua. "Majibu mlikuwa nayo," akasema. "Mimi mwenyewe nilikuwa nayo, nikiulizwa nasimama nayasema yote. Dawa inafanya kazi. Wimbo unaokufundisha kumwogopa mwanamke unafanya kazi gani?"

Nilifurahi kwa nusu dakika, maana ilikuwa kama ananiunga mkono. Halafu akanigeukia.

"Kaka, na wako?"

Nilijua. Shem naye alijua, akaacha kutafuna.

Mwaka 2003 tulikuwa vijana watatu na tulikuwa na kundi. Jina silisemi. Kwenda Dar es Salaam kurekodi lilikuwa jambo la ndoto. Mabasi mengi ya Mwanza wakati ule yalizungukia Nairobi ndipo yaingie Arusha, na treni ilikuwa siku mbili kama haikuharibika. Kwa hiyo tulirekodi hapa hapa, kwenye chumba kimoja Mabatini chenye trei za mayai ukutani na godoro limesimamishwa mlangoni, kompyuta moja, umeme ukikatika tunaanza upya. Biti ilikuwa ya kwetu nusu. Wimbo ulikuwa wa UKIMWI, kwa sababu tulisikia shirika moja linatafuta wimbo wa kampeni, na kwa sababu mzee wangu asingetoa hela ya studio kwa wimbo mwingine wowote. Beti tatu. Ya kwanza kijana. Ya pili mwanamke, ambaye tulimpa jina la kebehi ninaloona haya kuliandika. Ya tatu jeneza. Mwisho kabisa, kwa sauti yangu mwenyewe: "Vijana wenzangu..."

Shirika halikuuchukua. Tukampelekea mtangazaji mmoja hela ya maji ili aupige. Aliichukua, akasema atatuambia siku, hakutuambia. Nilikesha siku tatu na redio sikioni, ya nne nikalala. Baadaye tuliambiwa ulipigwa usiku huo, mara moja, saa kumi na moja kasoro alfajiri. Kwa miaka yote hii nimeusimulia kama kichekesho: wimbo wangu ulisikilizwa na walinzi na wavuvi wa dagaa wanaorudi na karabai zao.

"Haukusikilizwa na walinzi tu," dada akasema. "Mimi niliusikia. Na mama mdogo."

Mama mdogo alikuwa kwetu tangu mumewe alipotangulia, 2001. Yule tuliambiwa kifua. Na yeye tuliambiwa kifua. Alilala chumba cha uani, na dada, aliyekuwa na miaka 16, ndiye aliyelala naye kwa sababu ni mtoto wa kike. Mimi nilikuwa naingia mchana, namsalimia nikiwa nimesimama. Usiku hakuwa anapata usingizi, kwa hiyo redio iliwaka mpaka asubuhi.

"Aliitambua sauti yako kabla yangu," dada akasema. "Akaniambia, ongeza, ni kaka yako. Akausikiliza wote, mpaka ulipoongea. Nikaogopa, nilidhani atalia."

"Akasema nini?"

"Akasema umeimba vizuri. Akasema, ila huyo mwanamke mbona mmemuua haraka hivyo, hata hajasema kitu. Halafu akaomba uji."

Ni kweli. Tulimuua kwa mistari miwili, mwisho wa ubeti wa pili. Tulikuwa tunahitaji nafasi ya kumlilia mwanaume ubeti mzima.

Mama mdogo alifariki Machi 2004. Dawa za bure za kufubaza virusi zilianza kutolewa nchini Oktoba ya mwaka ule ule. Dada anasema hakuniambia kwa sababu mwanzoni alidhani ningeumia, na baadaye kila nilipousimulia wimbo ule nilikuwa nachekesha watu, akaona si mahali pake. Nikamwuliza kwa nini leo. Akasema ni kwa sababu nimeanza kutoa hukumu.

Shem, ambaye kwa miaka 16 hajawahi kukubali kushindwa, akasema taratibu kwamba kwa maoni yake ubishi umekwisha na mshindi amepatikana. Hakucheka alipolisema. Nikalipa samaki wa watu wote, pamoja na soda za watoto. Mayu akasema wabheja, asante ya Kisukuma, akauliza kama tutapita tena wakati wa kurudi, nikamwambia tutapita.

Tulipokuwa tunapanda daraja dada akageuka kwenye kiti chake.

"Ungeuandika leo ule ubeti wa pili," akasema, "angesemaje?"

Nikafikiri. Nikapata mstari wa kwanza, ukawa wa kwangu, si wake, nikauacha. Nikatafuta kina cha neno "uji". Chini yetu, upande wa kulia, ulionekana ule ufukwe wa Busisi ambako magari yalikuwa yakiteremka. Nilikuwa bado niko kwenye mstari wa kwanza shem alipopunguza mwendo kwa tuta la ng'ambo. Kwenye kivuko ningekuwa na saa nzima.